Trela la kulala, Lake Louise, mwezi wa kumi: tutaganda?

BabaNeema

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijamuua mama yangu kwa baridi.

Nipo Calgary, Kanada, mwaka wa sita huu. Mwezi wa tano nilinunua trela la kulala, la mtumba, futi 21, navuta kwa pikapu. Kiangazi tumelitumia mara tatu, zote karibu na mjini, nyuzi 25, watoto peku, shwari kabisa. Sasa mama mzazi amekuja kututembelea kutoka Marangu na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi wa kumi. Tangu ashuke kwenye ndege ameona sebule yangu, kanisa na maduka. Juzi akaniuliza mezani, mbele ya watoto: "Hiyo milima unayotutumia picha kila siku, iko nchi gani?"

Basi nimepata nafasi Lake Louise, huko huko milimani, kiwanja cha matrela, kulala siku tatu, wikendi ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, ile inayoisha Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Kila nikifungua utabiri wa hali ya hewa naona kitu tofauti: asubuhi wanasema jua, mchana wanasema theluji, jioni wamefuta vyote wameweka mvua.

Trela lina hita ya gesi, mitungi miwili ya kilo 9, na betri moja ya kawaida. Aliyeniuzia alinionyesha kibandiko ubavuni kinachosema ni la misimu yote minne. Je, inatosha? Maji yataganda? Barabara ikoje kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta kitu kwenye theluji? Tuko watu wazima watatu na watoto wawili. Mama ana miaka 71 na goti linamsumbua, ila baridi ya mlimani anasema ameizoea, kalelewa jirani na geti la Kilimanjaro.

Kijana wa Mbezi

Kaka, kodi hoteli. Mtu katoka Marangu na ndege mbili aje alale kwenye kontena?

BabaNeema

Bei ya hoteli Lake Louise wikendi ile umeiona? Mimi nimeiona. Nimefunga simu nikanywa maji.

Mama Kisosora

Baba Neema, karibu kwenye chama cha vichaa. Mimi na mzee wangu tunavuta trela milimani kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, mwaka wa saba sasa. Kiangazi tunawaachia wengine wagombanie nafasi. Kwa hiyo sitakwambia usiende, nitakwambia tulichokiharibu.

Kwanza hicho kibandiko. Na sisi tulikuwa nacho. "Misimu minne" ni neno la muuzaji. Toka nje sasa hivi na tochi, lala chali chini ya trela, litazame tumbo. Ukiona mabomba na matangi yananing'inia wazi, hilo ni trela la kiangazi lenye kibandiko. Ukiona tumbo limefunikwa, na kuna njia ya hewa ya moto inayoshuka huko kutoka kwenye hita, una nafuu kidogo. Letu lilikuwa la aina ya kwanza na hatukujua, maana nani analala chini ya trela siku ya kununua? Siku hiyo mtu anafungua makabati.

Mwaka wetu wa kwanza, mwisho wa mwezi wa tisa, mchana tulikunywa chai nje na fulana. Mpira wa maji tukauacha umeunganishwa kwenye bomba la kiwanja kama tulivyozoea. Usiku ikashuka hadi hasi 9. Asubuhi mpira umekuwa fimbo, unaweza kumchapia mtu. Tukacheka, tukapiga picha. Saa nne jua likawaka, barafu ikaachia, ndipo nikasikia chini ya kitanda: ti, ti, ti. Kuna kiwiko cha plastiki nyuma ya choo, kadogo kama kidole gumba. Kilikuwa kimepasuka kwa urefu wake wote, na maji ya bomba yanaingia moja kwa moja kwenye godoro. Kiwiko chenyewe ni dola chache. Ili kukifikia, fundi alibomoa kitanda, akabomoa na kipande cha sakafu. Bili ile mpaka leo mzee wangu hapendi itajwe.

Tangu siku hiyo, ikifika mwezi wa tisa trela langu halina mabomba. Namaanisha hivi: kabla ya kutoka nyumbani namwaga maji yote, matangi na mabomba, kisha napitisha ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, na kikombe kimoja kimoja namimina kwenye matundu ya sinki na bafu. Iwe ile ya matrela. Ya rejeta ya gari ni sumu, usiikaribishe. Maji ya kunywa na kupikia tunabeba kwenye madumu, yanakaa ndani miguuni mwetu. Ninyi watano kwa siku tatu, madumu manne ya lita 20 yanatosha, vyombo mkivifuta kwa karatasi kabla ya kuviosha. Choo tumieni cha kiwanja. Mama akitaka cha ndani usiku kwa sababu ya goti, ni sawa, ila sukumeni kwa dawa hiyo hiyo ya pinki, si kwa maji.

Umeme: Lake Louise kiwanja cha matrela upo, na hilo ndilo linalonifanya nikuambie nenda. Hita yako inachoma gesi, lakini feni inayosukuma joto inakula betri usiku kucha. Betri ya kawaida kwenye baridi ya hasi 18 inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na nusu hiyo nayo hutakiwi kuimaliza. Watu wanaamka saa tisa usiku wanatetemeka na mtungi umejaa gesi. Ukichomeka umeme, hiyo shida imekwisha. Bebeni na hita ndogo ya umeme, lakini hesabu: hita na birika kwa pamoja sawa, ukiongeza maikrowevu umeme unakatika, na ni giza, na swichi iko nyuma ya masanduku.

Gesi: hita ya trela kama lako ikiwaka bila kupumzika inamaliza mtungi wa kilo 9 kwa saa 15 hadi 20 hivi. Haiwaki mfululizo, lakini nenda na yote miwili imejaa. Na vile vikopo vidogo vya jiko la mkononi angalia kilichomo. Vya butani vikikaribia nyuzi sifuri vinakataa kazi. Propani inavumilia hadi hasi 42.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni unyevu. Watu watano wakilala kwenye kiboksi wanatoa mvuke kama sufuria. Asubuhi ya pili inua godoro uone: maji chini yake. Fungua tundu la paani upana wa kidole, hata kama nje kuna theluji, na usimruhusu mtu aanike nguo ndani. Najua inaonekana kama kutupa joto. Tupa.

Halafu hili la mama kuizoea baridi. Namheshimu, shikamoo yake, lakini usipime kwa mita. Geti la Marangu lipo mita 1,879. Kijiji cha Lake Louise ni mita 1,600 hivi, chini ya kwao. Tofauti ni kwamba kwenu mlima uko karibu na ikweta, mchana joto usiku baridi, kesho hivyo hivyo. Huku ni nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Baridi inaweza kuingia saa nane mchana na kukaa siku nne, na inaweza pia isije. Mfungashie mama nguo za mwezi wa kwanza, akizirudisha hazijavaliwa mshukuru Mungu.

Dereva wa Likoni

Salaam aleikum. Mama Kisosora kamaliza ya ndani, mimi niseme ya njiani. Naendesha lori Calgary hadi Kamloops na kurudi, mara mbili kwa wiki, kwa hiyo Highway 1 naijua mashimo yake.

Bwana, kutoka kwako hadi Lake Louise ni kama kilomita 180, barabara pana, njia mbili kila upande. Hiyo si safari ya kumtisha mtu. Penye kazi ni pawili. Mlima wa Scott Lake, mapema tu ukishatoka mjini: Calgary inaweza kuwa kavu na pale juu pakawa na theluji. Na Lac Des Arcs kabla ya Canmore. Pale bonde limebana, upepo unatoka magharibi umejipanga kama maji ya mfereji. Trela lako ni tanga, usisahau. Nimeona yamelala ubavu pale.

Trela likianza kucheza mkia, usikanyage breki ya gari. Narudia kwa sababu mguu una akili yake. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, halafu bonyeza kwa mkono ile breki ya trela peke yake iliyo kwenye dashibodi, taratibu, hadi ijinyooshe. Kama hujui kibonyezo kiko wapi, kitafute leo ukiwa umeegesha. Nyingi ya mikia hiyo inaanzia kwenye upakiaji: uzito unaokalia ndoano uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Ukiweka madumu yote ya Mama Kisosora nyuma kabisa, umejitengenezea bembea.

Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 80 hivi, simama Canmore. Tairi za trela soma tarakimu nne za mwisho za ule mstari unaoanza na DOT: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. La mtumba ndilo linalokuja na tairi nzuri kwa macho na zee kwa umri.

Tairi za theluji kwenye pikapu weka kabla hujaenda. Usiniambie sheria. Upande wa British Columbia, jimbo jirani, zinatakiwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi, na ile barabara ya Icefields kwenda Jasper ni kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, lakini theluji haijasoma kalenda hiyo. Na mtu akikwambia "umefika Lake Louise, panda tu Icefields na trela mama akaone barafu," mkatalie. Kilomita 230, simu haishiki, na kituo cha mafuta cha katikati, Saskatchewan Crossing, hufungwa msimu wa baridi. Hiyo nenda kiangazi.

Asubuhi ya safari fungua 511 Alberta uone hali ya barabara na kamera, si utabiri wa simu. Ondoka saa nne, barafu nyeusi ya madarajani, ile isiyoonekana, ikishayeyuka, na uwe umefika kabla ya giza. Na Jumatatu, sikiza: Calgary nzima inarudi. Omba ruhusa ya Jumanne kazini sasa hivi, kabla hujaihitaji. Mtu mwenye Jumanne mkononi, theluji ikianguka Jumatatu analala tena. Asiye nayo ndiye tunayemkuta mtaroni.

(Kule mbele kwenye njia yangu ya lori, mlimani Rogers Pass, msimu ukikolea, wanajeshi hupiga mizinga milimani kuangusha theluji kabla haijaporomokea barabara. Mizinga kweli kweli. Mara ya kwanza nilipoambiwa nilidhani wananifanya mshamba.)

BabaNeema

Nimelala chini ya trela na tochi, mvua inanyesha, jirani ananitazama dirishani. Tumbo limefunikwa. Tairi ni za miaka tisa, nimeagiza mpya nne. Ile breki ya trela ilikuwa mbele ya goti langu miezi yote na nilidhani ni ya redio.

Maswali mawili. Mama anataka kupika mtori kule, ameshanunua ndizi. Na anasema hita ni ya nini, atafute mtu amuuzie jiko la mkaa aliweke mlangoni kwa ndani.

Mama Kisosora

Jiko la mkaa ndani HAPANA. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie. Hata jiko la gesi la kupikia msilitumie kujipashia joto. Ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na kiboksi kile ni kidogo kuliko jikoni kwao. Kengele ya hewa hiyo ibonyeze uone inalia, na tazama tarehe yake nyuma, zina mwisho wa matumizi.

Mtori ni sawa, pikieni nje kama hakuna upepo, mvuke usiingie ndani. Nyama ichemsheni nyumbani kabisa. Kule maji yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100, utasubiri mfupa ulainike mpaka Krismasi. Maharage hata usithubutu bila jiko la presha.

Chakula chochote kisilale nje, hata sufuria chafu, hata mfuko wa maganda ya ndizi. Dubu hawajalala bado mwezi wa kumi. Wanakula.

BabaNeema

Tumerudi. Naandika Jumanne usiku, mkisoma hapo mtajua kilichotokea Jumatatu.

Ijumaa nyuzi 14, Lac Des Arcs upepo ulinigusa begani mara moja nikaondoa mguu kwenye mafuta kama nilivyofundishwa, ukapita. Asante Dereva, sina la kuongeza. Canmore nati mbili zilikuwa zimelegea.

Jumamosi mvua ya kutwa. Watoto na karata, mke wangu na ukimya. Usiku saa saba ukimya ukazidi, nikafungua pazia: theluji, ile ya matone makubwa yasiyo na haraka. Nikasikia mama kakaa kitandani. Kumbe hakuamshwa na theluji, aliamshwa na treni. Hili hamkunionya, reli inapita karibu na kiwanja na treni zinapiga honi usiku. Akasema, "Lile basi la nani linaloita abiria saa hizi?"

Asubuhi hasi 7, theluji ya kufika kwenye kifundo. Ndani tulikuwa na nyuzi 19, mabomba matupu, sikusikia ti, ti, ti yoyote. Kosa langu lilikuwa mahali ambapo sikuwaza kabisa: ngazi. Ile ngazi ya chuma ya kukunja ilishika barafu nyembamba, huioni. Mama akatoka wa kwanza na kitenge chake juu ya koti, mguu ukateleza. Nilimdaka kwapani. Goti halikuguswa, ila moyo wangu ulishuka hadi kwenye buti. Nikatandaza zulia la mlangoni kwenye ngazi, nikamwaga chumvi ya mtori yote iliyobaki. Mwenye mzazi, beba mchanga au chumvi na uamke kabla yake.

La pili: ile miguu ya kusimamishia trela niliiteremsha kwenye udongo wenye maji. Ikaganda humo. Jumanne nilitumia nusu saa na birika la maji moto kuing'oa. Jirani, mzee mwenye trela la umri wangu, alinionyesha vipande vya mbao alivyoweka chini ya miguu ya lake. Hakusema kitu, alivionyesha tu kwa kidole.

Jumapili saa moja kasoro tulishaegesha ziwani kwa pikapu, giza bado. Jua lilichomoza karibu saa mbili. Mama kajifunika shuka mbili, anatazama ule mlima wa Victoria nyuma ya ziwa na barafu yake. Nilitegemea aseme ni pazuri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nikiwa msichana Kibo ilikuwa na barafu nene hivi. Nilikuwa naiona nikienda kuchota maji." Akaomba chai.

Kurudi, pale Banff mjini tulikuta elki dume katikati ya nyasi za nyumba ya mtu, kama kuro lakini mkubwa zaidi. Mama akataka kushuka amtazame vizuri. Wanataka mtu akae mita 30 na huo ndio msimu wanaogombea majike, nikafunga milango kwa swichi yangu kama ninavyowafungia watoto. Kaninunia hadi Canmore.

Gesi tumemaliza mtungi mmoja na robo. Mtori uliiva. Jumatatu kamera za 511 zilionyesha barabara nyeupe kuanzia Canmore, tukalala tena.

Sasa Jumamosi naliweka trela kwenye maegesho mpaka mwezi wa nne. Mama Kisosora, nikirudia ile dawa ya pinki ninunue madumu mangapi? Mara ya kwanza nilitumia saba.

Mama Kisosora

Mawili yale ya lita 3.78 yanatosha, la tatu la akiba. Lakini kwanza geuza zile koki nyuma ya tangi la maji moto ili dawa ilipite pembeni. Ulifanya hivyo safari iliyopita?

BabaNeema

Koki zipi?

Mama Kisosora

Ee Mola. Ndiyo maana mara ya kwanza umetumia madumu saba. Tangi lile peke yake linakunywa lita 22. Chukua tochi, fungua kibao kilicho chini ya kitanda cha mama, kuna koki tatu au moja. Nitumie picha kabla hujagusa.